Saiti mira inayotikisika: jua kwanza imelegea wapi

Nilikuwa nashuka Kitonga na Corolla yetu ya nyumbani, ile ya miaka ya tisini, nikitoka Mbeya kwenda Morogoro. Nyuma yangu kulikuwa na lori la mafuta. Nikitazama kioo cha kulia naona taa nne badala ya mbili, zinachezacheza kama ziko chini ya maji. Sikuweza kujua kama lori limeshika umbali wake au linanikaribia. Mlima mzima nikawa nageuza shingo kutazama nyuma, na anayeijua Kitonga anajua zile si kona za kugeuzia shingo.

Kioo hicho kilikuwa kimeshapita mikono mingi. Mmoja alikitia supagluu. Mwingine alikifunga kwa mpira wa tyubu. Wa tatu alikaza nati za mlangoni hadi moja ikala uzi. Wote walifanya kazi kwa moyo, lakini hakuna aliyekaa nacho dakika mbili kutafuta ni kitu gani hasa kinachocheza. Nilipokifungua mwenyewe nilikuta springi ya shingoni imechoka. Nati hazikuwa na kosa, na gundi ilikuwa imewekwa mahali pasipo na shida.

Tangu hapo nimefungua vioo vingi vya ndugu na majirani, hapa Uyole, Mbeya, na kwa dada yangu Iringa. Karibu kila mara mwenye gari huniambia "kioo kimelegea", basi. Hiyo haitoshi. Kioo cha pembeni kinaweza kulegea mahali patatu tofauti, na dawa ya mahali pamoja haiponyi pengine. Mara nyingine inaharibu kabisa.

Ili tuelewane, sehemu zenyewe ni hizi. Kuna kioo chenyewe, kile unachojitazamia. Kuna kava, ganda la plastiki lililokibeba. Chini au pembeni ya kava kuna shingo, pale kioo kinapokunjika kwenda nyuma. Halafu kuna kitako, kilichofungwa kwenye kona ya mlango. Kwa hiyo viungo ni vitatu: kioo na kava, kava na kitako, kitako na mlango.

Kushika mahali patatu

Zima injini, simama nje ya gari. Kwanza shika kava kwa mkono mmoja, ukaze kabisa lisisogee, kisha kwa ncha za vidole bonyeza pembe nne za kioo moja baada ya nyingine. Kioo kisicho na shida kinainama kwa ukinzani, kama kitu kinachosogea kwenye nta. Kikiwa kinacheza kama jino la mtoto, tatizo liko ndani ya kava.

Pili, shika kitako kwa mkono mmoja na utikise kava kwa mwingine, juu na chini, mbele na nyuma. Hapo unapima shingo.

Tatu ndiyo wengi wanairuka, nayo ndiyo inayosema ukweli zaidi. Weka ncha ya kidole pale kitako kinapokutana na bati la mlango, nusu ya kidole kwenye plastiki, nusu kwenye bati. Mwombe mtu atikise kioo taratibu. Mchezo mdogo sana macho hayauoni, lakini kidole kinausikia mara moja. Fanya hivyo hivyo kwenye kioo cha upande wa pili ambacho hakina shida, ili mkono ujue uzima ukoje.

Zoezi zima halifiki dakika tatu. Usifungue hata skrubu moja kabla ya kulimaliza.

Mkononi kiko imara, barabarani kinatetemeka

Hapa usiguse kioo kwanza. Washa gari, liache likingurume pale liliposimama. Kama picha kwenye vioo vyote viwili inatetemeka, na ukikanyaga mafuta kidogo inatulia, tazama mauntingi za injini, yaani mipira inayoibeba. Gari la miaka 25 mauntingi zake huwa zimekauka na kupasuka, na mtikisiko wa injini unapanda hadi kwenye milango. Kama inatulia gari likisimama lakini inaanza ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa, na usukani nao unatetemeka, magurudumu yanataka balansi, au kuna tope limeganda upande wa ndani wa rimu. Hili la tope nimelikuta mara kadhaa kwa watu wanaoshuka kutoka Tukuyu wakati wa mvua. Wanaosha gari, hawaoshi ndani ya rimu.

Angalia pia mlango wenyewe. Ufunge, kisha uvute na kuusukuma kwa nje. Mlango unaocheza kwenye bawaba au kwenye kitasa utatikisa kioo hata kama kioo chenyewe ni kipya.

Kama dalili zinaonekana kwenye rafu tu, kwenye ile barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, basi rudi kwenye kioo. Kuna kiungo kilichoanza kulegea ambacho bado hakijafikia hatua ya kusikika mkononi. Kidole chako pale kwenye mlango huenda kikakiwahi.

Kioo chenyewe kinacheza ndani ya kava

Hili ndilo tatizo la kawaida zaidi, na lina sababu nne zinazofanana kwa nje.

Kioo kimebandikwa kwenye sahani ya plastiki nyuma yake. Sahani hiyo ina kucha zinazoshika gololi ya plastiki katikati, au zinazoshika mota kama kioo ni cha umeme. Ukigonga kioo kwa ukucha na kusikia mlio mkavu wa klak klak, kama sahani inayogongana na nyingine, gundi kati ya kioo na sahani imeachia. Ukitazama kwa pembeni utaona kioo kinasogea na sahani imebaki tuli.

Kama kioo na sahani vinakwenda pamoja, jaribu hili kabla ya lolote: weka kiganja katikati ya kioo, si pembeni, na usukume kwa nguvu ya wastani. Mara nyingine mtu amekipiga bega akipita, kucha mbili zikachomoka kwenye gololi. Zikirudi utasikia mlio mmoja mzito, na kazi imekwisha.

Zisiporudi, itabidi ukitoe. Hapa nataka uende taratibu, na nina sababu. Mwezi wa saba mmoja, saa moja asubuhi, nilikuwa natoa kioo cha Carina ya jirani yangu. Uyole asubuhi za wakati huo joto liko chini ya nyuzi 10, na plastiki ya miaka ishirini na kitu iliyopigwa jua la milimani huwa kavu kama ganda la karanga. Nilipenyeza bisibisi, nikainua, kucha mbili zikakatika kwa mpigo. Hazikutoa hata onyo. Nilimnunulia jirani kioo kingine, na tangu siku hiyo sifungui plastiki ya zamani asubuhi ya baridi. Subiri saa tano jua likishapasha gari, au chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, ulifunike kava na kioo kwa dakika tano. Plastiki ikipata uvuguvugu inakubali kujipinda.

Kinamishe kioo ili upande mmoja utokeze nje, mara nyingi sehemu ya chini. Bandika utepe msalaba juu yake ili kikipasuka vipande visiruke. Vaa glovu. Tumia kitu cha plastiki, hata mpini wa kijiko cha plastiki uliofungwa kitambaa, ukiinua karibu na katikati, mahali kucha zilipo, wala si kwenye ukingo wa kioo. Kikiachia usikivute kwa pupa. Baadhi ya magari yaliyotoka Japani yana waya mbili nyuma ya kioo za kukipasha joto, na ukizikata umejiongezea kazi.

Sasa tazama. Kucha zikiwa nzima na gololi imelika, utaijua kwa dalili moja: ukikirekebisha kioo kinakaa, lakini baada ya kilomita chache kinatazama chini kwenye lami. Msuguano umekwisha. Kata kipande kidogo cha plastiki nyembamba ya mfuko, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kiweke juu ya gololi kisha urudishe kioo. Kama bado kinateleza, weka vipande viwili. Usipake grisi hapo hata kama mtu amekushauri. Gololi hiyo inataka kushika, na grisi inafanya iteleze.

Kwenye kioo cha umeme, kabla hujalaumu gololi tazama mota. Imefungwa kwa skrubu, mara nyingi tatu, na hizo hulegea kwa mtikisiko. Bisibisi ya nyota na mzunguko mmoja au miwili unatosha. Nimeona watu wamenunua kioo kizima kwa sababu ya skrubu hizo.

Kama ni gundi iliyoachia, safisha mabaki yote kwa spiriti na ubandike upya. Utepe wa povu wenye gundi pande mbili unafaa. Silikoni inafaa pia, lakini ichague kwa pua: ile inayonuka siki inatoa asidi ikiwa inakauka, nayo hula rangi na fedha ya nyuma ya kioo. Baada ya miezi utaona madoa meusi yanatambaa kutoka ukingoni. Tafuta silikoni isiyo na harufu ya siki.

Kama kucha zimevunjika na kioo kingine hakipatikani upesi, kuna dawa ya muda: mabonge matatu ya silikoni kati ya sahani na mota au gololi, kila moja ukubwa wa kunde kadhaa. Kabla hayajakauka mwenye gari akae kwenye kiti chake, akielekeze kioo anavyotaka, kisha lisiendeshwe mpaka kesho yake. Kitatulia, lakini kwa kioo cha umeme usibonyeze tena swichi ya kurekebisha, maana mota itapambana na silikoni na kusaga meno yake.

Kava linalala lenyewe, au linacheza shingoni

Nilikuwa kwa dada yangu Kihesa, akaja mwalimu mmoja, mama wa makamo, anayeendesha kila siku upande wa Kalenga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hiki kioo kila nikipishana na basi kinalala chenyewe. Fundi amesema ninunue kingine."

Nilikishika. Kitako imara, kioo imara ndani ya kava, lakini kava lilikuwa linaelea, linakwenda mbele na nyuma bila kushika popote. Nikamuuliza kama kuna mtu amekigonga. Akafikiri, akasema ndiyo, Jumatatu bodaboda ilikipitia sokoni, akakirudisha kwa mkono. Nikamwomba awashe swichi na abonyeze kitufe cha kukunja vioo. Cha kushoto kikakunjika. Cha kulia mota ikalia bila kioo kusogea. Nikalishika kava kwa wepesi, nikamwambia abonyeze tena, na tena. Mara ya tatu ikasikika *klak* moja nzito ndani ya shingo, kava likakaza mkononi mwangu kama kitu kilichofungwa na bolti. Hapakuwa na zaidi.

Vioo vinavyokunjwa kwa umeme vimetengenezwa hivyo. Vikigongwa, au vikikunjwa kwa mkono, meno ya shingo yanaachana na mota kwa makusudi ili yasivunjike, na vinabaki vinaelea mpaka mota iyarudishe. Kwa hiyo gari lako likiwa na kitufe cha kukunja, anza hapo kabla ya kufungua chochote. Mota ikilia na meno yasiposhika hata baada ya mara sita au saba, giya za plastiki ndani zimekatika, na hapo fundi wa mwalimu angekuwa sahihi: badilisha.

Kwa vioo vya kukunja kwa mkono mambo yako kwenye springi. Ndani ya shingo kuna springi fupi nene inayobana nyuso mbili zenye meno. Ukikunja unasikia inaruka kutoka jino hadi jino. Springi ikichoka au ikiliwa na kutu, meno hayabanwi tena, na upepo wa basi unatosha kukilaza kioo. Hicho ndicho kilichokuwa kinanisumbua Kitonga.

Toa kioo kama nilivyoeleza, fungua skrubu zinazoshika kava, lichomoe. Utaiona springi imekaa juu ya nguzo, juu yake kuna nati au washa ya meno iliyogongwa ikaingia kwa nguvu. Kama ni nati, una bahati: ikaze nusu mzunguko, jaribu kukunja, rudia mpaka kava likunjike kwa nguvu ya mkono mmoja lakini lisilale kwa kusukumwa na kidole. Kama ni washa ya kugongwa, utaibana chini kwa jiliwa dogo la mkono na soketi inayoenea nguzo, au uitoe na kuongeza washa bapa ya milimita 2 juu ya springi kabla ya kuirudisha. Weka kitambaa kizito juu yake wakati wote huo na usiinamishe uso. Springi hiyo ni ndogo, lakini ikiruka inatoboa jicho.

Ukiwa umeifungua, piga msasa kutu iliyoko kwenye nyuso za meno na upake grisi kidogo sana, safu nyembamba tu. Hapa grisi inaruhusiwa, tofauti na kwenye gololi, kwa sababu kinachoshika ni meno na springi.

Tafadhali usiifunge shingo kwa gundi ama ribiti ili "isicheze tena". Najua wengi wanafanya hivyo, wengine kwa hofu ya wezi wa vioo, nami naielewa hofu hiyo. Lakini kioo kinatakiwa kikunjike kikigonga mtu. Mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli akiguswa na kioo kinachokunjika anaweza kubaki na maumivu ya siku mbili. Kilichogandishwa kinampiga kama nyundo. Kwa wezi, chora namba ya gari kwenye kioo chenyewe na kwenye kava, ondoa thamani yake sokoni, uache shingo ifanye kazi yake.

Kitako kinacheza kwenye mlango

Ndani ya gari, kwenye kona ya dirisha, kuna kipande cha plastiki cha pembetatu. Kwenye mengi ya magari haya kinashikwa na klipsi mbili au tatu. Vingine vina skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo, kwa hiyo tazama vizuri kabla ya kuvuta. Ukikiondoa unaona nati au bolti, kwa kawaida tatu, na kwenye Toyota nyingi za zamani ni spana namba 10.

Kabla spana haijaingia, ziba kwa kitambaa kila tundu linaloelekea ndani ya mlango. Nati ikidondoka humo utafungua mlango mzima kuitafuta. Wakati wa kurudisha, paka grisi kidogo ndani ya soketi ili nati ing'ang'anie hapo hadi ishike uzi.

Nati zikiwa zimelegea tu, kazi ni nyepesi, ila mtu ainue kioo kwa nje wakati unakaza. Uzito wa kioo ukiachwa uning'inie, unakaza kitu kikiwa kimepinda, na baada ya wiki kinalegea tena. Kaza zote tatu kidogo kidogo kwa zamu. Hizi ni bolti za milimita 6, mkono mfupi wa spana unatosha. Ukiweka mkono mrefu na kuvuta kwa bega utazikata au utaua uzi. Washa za springi zilizopotea uzirudishe. Gundi ya kushikilia nati ya rangi ya bluu ni nzuri, tone moja tu, na isiguse plastiki, kwa sababu inaweza kuipasua taratibu. Nyekundu usitumie hapa, maana siku ya kufungua utahitaji moto.

Ukikaza na kitako bado kinacheza, tazama mpira ulioko kati yake na bati. Ukishakaa miaka mingi unabonyea na kuwa mgumu kama kadibodi, na hapo nati inafika mwisho wa uzi kabla haijabana. Kata mwingine kwenye tyubu ya gari, ukifuatisha ule wa zamani kama kielelezo, pamoja na matundu yake. Huku kwetu tyubu chakavu hazikosekani kwa fundi wa pancha yeyote. Mpira huu pia ndio unaozuia maji. Ukiwa unasikia filimbi ya upepo pembeni ya sikio ukifika kilomita 60, au zulia la mlangoni linalowa, sababu mara nyingi ni hiyo hiyo.

Nati inayozunguka bila kukaza imekula uzi. Safisha kwa tapu (kifaa cha kukatia uzi) ya milimita 6 kama uzi haujaisha kabisa. Ukiwa umeisha, fundi wa bati anaweza kuweka nati ya ribiti kwenye bati la mlango.

Kibaya zaidi ni kitako chenyewe kuwa na ufa. Kuna vya plastiki na kuna vyenye mfupa wa chuma chepesi ndani. Hicho chuma usikipeleke kwa mtu wa gesi. Aluminiamu inayeyuka karibu nyuzi 660, aloi za zinki zinazotumika kwenye vitu vidogo vya kumimina huyeyuka chini ya 400, na mwali wa oksijeni na asetilini unapita 3,000. Kitageuka tone mbele ya macho yako. Mfupa uliovunjika ni wa kubadilisha.

Plastiki inatengenezeka. Supagluu inashika ufa safi, lakini inakauka kuwa ngumu isiyo na mnyumbuko, na mtikisiko wa rafu unaiachanisha. Bora epoksi ya kuchanganya mbili, kwa ndani, mahali pasipoonekana. Kwaruza kwa msasa, futa kwa spiriti, laza vipande vya waya mwembamba kukatiza ufa, vipashe kwa pasi ya risasi mpaka vizame kwenye plastiki, kisha funika kwa epoksi. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ni wa chumba chenye joto. Kanuni ya kukadiria ni kwamba joto likishuka nyuzi 10, muda wa kukauka unakuwa kama mara mbili. Kwa hiyo Njombe au Makete mwezi wa sita, kazi iliyoandikwa saa 12 ipe siku nzima au zaidi, ndani ya nyumba, karibu na jiko.

Vioo vyenye mkono wa bomba

Canter, Land Cruiser pikapu za zamani na magari mengine yenye kioo kwenye bomba yana mambo machache. Kinacholegea ni vibano vya bomba na nati zake. Toa kutu, weka kipande cha mpira wa tyubu kati ya kibano na bomba, kaza. Bomba likiwa limepasuka kwenye mkunjo, huo ndio ufa ambao mtu wa kuchomelea anaruhusiwa kuugusa.

Ukilazimika kununua

Spea za mtumba zipo Mwanjelwa, Mbeya, na kwenye maduka ya spea Iringa na Makambako. Nenda na kioo chako cha zamani mkononi, usiende na jina la gari tu. Linganisha matundu ya bolti, umbo la kitako na idadi ya waya kwenye plagi. Kwa kawaida waya 3 ni za kurekebisha kioo, 5 zinaongeza kukunja kwa umeme, 7 zinaongeza joto. Chenye waya nyingi kinaweza kuingia mlangoni vizuri na plagi ikakataa.

Fanya lile zoezi la kushika mahali patatu pale pale dukani, kabla ya kulipa. Tazama pia kama kioo kimebinuka au ni bapa: weka kalamu juu yake uone kama ncha zinainuka. Kilichobinuka kinaonyesha eneo pana lakini vitu vinaonekana mbali zaidi ya vilipo. Ukiweka cha bapa kulia mahali palipokuwa na kilichobinuka, wiki ya kwanza utakosea umbali wakati wa kuovateki.

Kujaribu

Kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa siku zote. Elekeza kioo uone kipande chembamba cha ubavu wa gari lako, na mstari wa upeo upite katikati. Washa injini, iache ingurume, tazama kitu chenye mistari myembamba nyuma yako, kama matawi ya mti au waya wa umeme. Mistari ibaki mistari. Kisha ingia barabarani, panda hadi kilomita 80 panaporuhusiwa, pishana na basi moja au mawili. Gari la nyuma likikukaribia kwenye foleni, unapaswa kuona herufi na tarakimu kwenye namba yake zimesimama, hata kama zimegeuzwa.

Baada ya wiki moja fungua tena ile pembetatu ya ndani. Mpira mpya unakuwa umeshuka kidogo, nati zitakubali robo mzunguko. Zikaze kwa zamu, rudia kidole pale kwenye bati, kisha funga.